Gozi, povu au fedha: kuchagua dresingi ya kidonda pale bajeti inapobana

Swali: Mimi ni muuguzi mfawidhi katika hospitali ya wilaya hapa Tanzania. Chumba chetu cha vidonda hupokea zaidi wagonjwa wenye vidonda vya miguu, wakiwamo wenye kisukari na wenye vidonda ndugu vya miaka mingi, pamoja na watoto walioungua. Tunatumia gozi, maji ya chumvi na iodini. Hivi karibuni mwakilishi wa kampuni moja alituletea dresingi za povu zenye madini ya fedha, ambazo bei ya kipande kimoja inazidi ya gozi mara kadhaa. Daktari mmoja anasema gozi imepitwa na wakati, mwingine anasema dresingi hizo ni anasa. Kamati yetu ya Dawa na Tiba imenitaka nitoe pendekezo. Ninaogopa kuwanyima wagonjwa kilicho bora, na ninaogopa pia kumaliza fungu la fedha kabla ya robo mwaka kwisha. Nipimeje gharama na faida?

Jibu:

Ndugu Muuguzi Mfawidhi,

Madaktari wako wote wawili wanalinganisha kipande na kipande, na hapo ndipo mjadala unapokwama. Swali linalostahili kupelekwa mbele ya kamati ni hili: itagharimu kiasi gani kukihudumia kidonda hiki tangu leo mpaka ngozi ifunge, na gharama hiyo itatoka mfukoni mwa nani? Ukilishika swali hilo, utaona kwamba bei iliyoandikwa kwenye boksi ni sehemu ndogo ya hesabu, na kwamba wakati mwingine kitu cha bei ndogo ndicho ghali, ingawa mara nyingi zaidi kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri, kitu cha bei ndogo kinatosha kabisa.

Nianze na gozi, kwa sababu tuhuma dhidi yake ina msingi. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kazi aliyoifanya kwa nguruwe: vidonda vya juujuu alivyovifunika kwa karatasi laini ya plastiki, vikabaki na unyevu, vilifunikwa na ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya vile vilivyoachwa wazi vikakauka na kufanya gaga. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa jamii nzima ya dresingi za kisasa, yaani filamu, haidrokoloidi, aljineti, haidrojeli na povu, ambazo zote kwa njia tofauti hujaribu kulinda unyevu wa kadiri. Gozi kavu iliyowekwa moja kwa moja juu ya kidonda hufanya kinyume chake. Hunyonya, hukauka, hushikana na nyama changa, na siku ya pili muuguzi anapoibandua hung'oa pamoja nayo kazi yote ambayo mwili umeifanya usiku kucha. Mgonjwa anayelia wakati wa kubadilishiwa anatueleza jambo la kitabibu, na haifai kulichukulia kama udhaifu wake.

Hata hivyo, alichokithibitisha Winter ni umuhimu wa unyevu. Hakuthibitisha ubora wa bidhaa yoyote iliyopo sokoni leo. Gozi iliyopakwa parafini, ikafunikwa juu kwa gozi nene ya kunyonya, haishikani na kidonda na huhifadhi unyevu wa kutosha kwa vidonda vingi. Tofauti ya bei kati yake na gozi kavu ni ndogo, lakini tofauti ya maumivu na ya majeraha mapya kwenye kidonda ni kubwa. Kama kamati yako ina uwezo wa kufanya badiliko moja tu mwaka huu, ningependekeza liwe hilo: gozi kavu isiguse tena kidonda kinachoota nyama, na haidrojeni peroksaidi iondolewe kwenye troli ya vidonda, kwani huua chembe changa pamoja na vijidudu. Badiliko hilo halihitaji fungu jipya la fedha.

Sasa nije kwenye dresingi ya povu yenye fedha. Fedha huua bakteria, na hilo halina ubishi. Linalobishaniwa ni kama kuua bakteria walio juu ya kidonda kunafanya kidonda kipone mapema zaidi. Uingereza walilipima jambo hili kwa wagonjwa 213 wenye vidonda vya mguu vinavyotokana na udhaifu wa mishipa ya vena, ile inayorudisha damu moyoni. Wagonjwa waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa dresingi zenye fedha na nusu dresingi za kawaida zisizoshika, wote wakifungwa bandeji za kubana juu yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba baada ya wiki 12 hapakuwa na tofauti ya maana katika idadi ya waliopona, ilhali upande wa dresingi zenye fedha uligharimu karibu pauni 98 zaidi kwa kila mgonjwa. Mwaka huohuo watafiti wengine wa Uingereza walitoa matokeo ya wagonjwa 317 wenye vidonda vya mguu wa kisukari, waliogawanywa katika makundi matatu: dresingi rahisi ya kitambaa cha viskosi kisichoshika, dresingi yenye iodini, na dresingi ya kisasa ya nyuzi zinazonyonya. Baada ya wiki 24 makundi hayo hayakutofautiana kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu, na lile la bei ndogo kabisa lilifanya kazi sawa na mengine.

Ningependa usome matokeo hayo kwa uangalifu, kwa sababu yanaweza kutumiwa vibaya na pande zote mbili. Hayasemi kwamba gozi kavu ni sawa na dresingi ya kisasa, kwa kuwa dresingi rahisi zilizotumika katika tafiti hizo zilikuwa za aina isiyoshika. Wala hayasemi kwamba hakuna dresingi ya bei kubwa yenye faida. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Ulaya uliohusisha wagonjwa 240 wa kisukari ambao mishipa ya fahamu ya miguu yao ilikuwa imeharibika na mzunguko wa damu umepungua. Dresingi yenye kemikali iitwayo sukrosi oktasalfeti ilifunga vidonda vya asilimia 48 ya wagonjwa katika wiki 20, dhidi ya asilimia 30 kwa dresingi ya mfano wake isiyo na kemikali hiyo. Hiyo ni tofauti ya kweli, na ndiyo maana jopo la kimataifa la mguu wa kisukari, IWGDF, linaitaja katika miongozo yake kwa kundi hilo maalumu la wagonjwa. Jopo hilohilo halipendekezi dresingi zenye fedha kwa lengo la kuharakisha uponyaji wa vidonda hivyo, na katika toleo lake la mwaka 2019 lilishauri kwamba dresingi ichaguliwe hasa kwa kuangalia uwezo wake wa kudhibiti majimaji, starehe ya mgonjwa na gharama. Unaona kwamba gharama imetajwa waziwazi kama kigezo cha kitaalamu. Usione haya kuitaja mbele ya madaktari.

Kabla ya kuchagua dresingi yoyote, hata hivyo, kuna swali linalotangulia, na katika uzoefu wangu ndilo linalopoteza fedha nyingi zaidi likirukwa. Kwa nini kidonda hiki hakiponi? Dresingi ghali kuliko zote ni ile inayowekwa juu ya kidonda ambacho chanzo chake hakijaguswa.

Chukua mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda chini ya kidole gumba. Amepoteza hisia, kwa hiyo hukanyaga kidonda hicho mara elfu kadhaa kwa siku bila kusikia maumivu. Hakuna povu wala fedha itakayoshinda mgandamizo huo. Anachohitaji ni kuondolewa uzito juu ya kidonda, na njia yenye ushahidi imara zaidi ni plasta ngumu inayofika chini ya goti, ambayo hawezi kuivua. Pale ambapo hakuna mtu aliyefunzwa kuifunga, au ambapo kidonda kina maambukizi au damu haifiki vizuri, kiatu kilichokatwa na kuinuliwa ili sehemu ya mbele isiguse ardhi, pamoja na mkongojo, ni afadhali kuliko kumrudisha nyumbani na kandambili na dresingi ya bei kubwa. Ongeza hapo kisu cha kukata sugu na nyama iliyokufa, udhibiti wa sukari, na uchunguzi wa mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Mradi wa Step by Step, ulioanzia Tanzania na India katika miaka ya mwanzo ya 2000, na ambao hapa kwetu uliongozwa na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili, ulijengwa juu ya mambo ya namna hii: kufundisha timu za daktari na muuguzi mikoani kukagua miguu, kukata, kusafisha na kuelimisha, kwa vifaa vya kawaida.

Mgonjwa wa vena naye ana hadithi tofauti. Mguu wake umevimba, ngozi juu ya kifundo imekuwa nyeusi na ngumu, na kidonda kinatoa maji mengi yanayolowanisha soksi. Kinachomponya ni bandeji ya kubana iliyofungwa vizuri kutoka vidole hadi chini ya goti, na dresingi iliyo chini yake inaweza kuwa rahisi kabisa. Bandeji zenye mnyumbuko mdogo hufuliwa na kutumika tena, kwa hiyo gharama yake hugawanyika katika wiki nyingi. Sharti lake ni kwamba ateri, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni, ziwe nzima: kama mapigo ya unyayo hayasikiki, au kama kipimo cha shinikizo la damu la kifundo likilinganishwa na la mkono kiko chini ya 0.8, usibane mguu kwa nguvu kamili kabla mtaalamu hajamwona mgonjwa. Kwa mwenye kisukari kipimo hicho huweza kudanganya kwa kuonyesha namba kubwa, kwa sababu ateri zake zimekuwa ngumu.

Kama hospitali yako haina kifaa kidogo cha dopla cha kusikilizia mishipa, ningekushauri kwa moyo wangu wote uiombe kamati inunue hicho kwanza kabla ya boksi hata moja la dresingi za fedha. Kitatumika kwa miaka, na kitakuzuia kubana mguu usiopaswa kubanwa au kupoteza miezi juu ya mguu unaohitaji upasuaji wa mishipa.

Sasa twende kwenye hesabu yenyewe. Bei nitakazozitumia ni za mfano tu. Weka za kwako kutoka kwenye hati za Bohari ya Dawa au za msambazaji wako, kisha urudie hatua hizohizo. Tuchukue kidonda cha mguu kitakachohitaji wiki 12, yaani siku 84. Kufunga kwa gozi mara moja, pamoja na glavu, maji ya chumvi na plasta, tuseme ni shilingi 2,500. Dresingi ya povu pamoja na vifaa vya kuisindikiza tuseme ni shilingi 16,500, na inakaa siku tatu. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, na muuguzi hutumia dakika 20 kwa kila mgonjwa.

Kwa gozi ya kila siku inayofungwa hospitalini, vifaa vitagharimu shilingi 210,000 na nauli shilingi 336,000, jumla 546,000, na muuguzi atatumia saa 28. Kwa povu la kila siku ya tatu, mgonjwa atakuja mara 28: vifaa shilingi 462,000, nauli shilingi 112,000, jumla 574,000, na muuguzi atatumia saa tisa na dakika 20. Kwa macho ya mhasibu wa hospitali povu ni ghali mara mbili na zaidi. Kwa macho ya familia ya mgonjwa, gozi ndiyo ghali mara tatu. Ukijumlisha zote mbili, zinakaribia kulingana. Mgonjwa akiwa anaishi mbali na nauli yake ni shilingi 10,000, mizani inageuka kabisa: gozi inafika shilingi 1,050,000 na povu shilingi 742,000, na hapo hatujahesabu siku za kazi anazopoteza mwanawe anayemsindikiza.

Lakini usiishie kulinganisha njia mbili alizokuletea mwakilishi. Gozi ya parafini yenye tabaka nene la kunyonya, ikigharimu shilingi 3,500 na kubadilishwa kila baada ya siku mbili, itahitaji safari 42: shilingi 147,000 za vifaa na 168,000 za nauli, jumla 315,000. Na mgonjwa akifundishwa, yeye au binti yake, kuosha na kufunga kidonda nyumbani kwa gozi isiyoachwa ikaukie juu ya kidonda, kisha akaja hospitalini mara moja kwa wiki, vifaa vinabaki shilingi 210,000 na nauli inashuka hadi 48,000. Jumla ni shilingi 258,000, chini ya nusu ya njia zote mbili tulizoanza nazo. Kubadilisha mpangilio wa huduma kumeokoa fedha nyingi kuliko kubadilisha bidhaa. Maji safi ya kunywa, au yaliyochemshwa na kupoa, yanafaa kuoshea kidonda cha namna hii, kwa kuwa tafiti zilizolinganisha maji safi ya bomba na maji ya chumvi hazikuonyesha ongezeko la maambukizi. Njia hii haimfai kila mtu, hasa mzee anayeishi peke yake, asiyeona vizuri, au mwenye kidonda kirefu kinachoingia hadi kwenye mfupa. Kwa hao povu linalokaa siku kadhaa linaweza kuwa chaguo la haki na la busara.

Hesabu hiyo inafichua pia upotevu ninaouona mara kwa mara. Dresingi iliyotengenezwa kukaa siku tatu hadi saba hubadilishwa kila siku kwa sababu ratiba ya wodi inasema vidonda hufunguliwa kila asubuhi, au kwa sababu daktari anataka kukiona katika mzunguko wake. Kwa mfano wetu, povu likibadilishwa kila siku vifaa peke yake vinafika shilingi 1,386,000, na faida ya kukiacha kidonda kitulie inapotea pamoja na fedha. Kama hamko tayari kubadilisha desturi hiyo, msinunue dresingi hizo kabisa. Hali kadhalika, usisahau gharama zinazofichwa ndani ya gozi yenyewe. Pale mnaponunua marobota na wauguzi wakakaa kukata, kukunja, kufungasha na kutakasa kwa mvuke, saa hizo za kazi, umeme na mafuta ya jenereta ni sehemu ya bei yake.

Katika kulinganisha dresingi na kidonda, kinachoongoza ni kiasi cha majimaji. Kidonda kinachotiririka kinahitaji kitu kinachonyonya kwa nguvu, kama povu, aljineti au pedi nene ya gozi na pamba, la sivyo ngozi ya pembeni hulowa, ikawa nyeupe na kuchubuka, na kidonda hukua badala ya kupungua. Kidonda kikavu chenye utando mgumu kinahitaji kuongezewa unyevu kwa haidrojeli, isipokuwa gaga kavu jeusi la mguu usio na damu ya kutosha, ambalo huachwa kavu mpaka mishipa itathminiwe. Kidonda cha upasuaji kilichoshonwa vizuri hakihitaji chochote cha kisasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unashauri kutotumia dresingi za hali ya juu badala ya za kawaida kwa vidonda hivyo kwa lengo la kuzuia maambukizi, na hapo kuna akiba ya haraka kwa wodi ya uzazi na ya upasuaji.

Watoto walioungua ni jambo jingine, na hapa ningemtetea mwakilishi wako kwa kiasi fulani. Krimu ya silva salfadiazini ambayo tumeizoea lazima ibadilishwe mara kwa mara, huacha utando unaoficha sura ya kidonda, na mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa majeraha ya moto ya juujuu uponyaji wake ulikuwa duni kuliko wa dresingi nyingi ilizolinganishwa nazo. Kila badiliko kwa mtoto ni mateso, wakati mwingine ni dawa za usingizi, na ni mama anayelala chini wodini siku nyingine zaidi. Kwa mtoto huyo dresingi isiyoshika inayokaa siku kadhaa bila kuguswa, hata ikiwa na fedha ndani yake, inaweza kulipa gharama yake. Yaani bidhaa ileile ambayo ni upotevu juu ya kidonda ndugu cha babu inaweza kuwa matumizi mazuri ya fedha juu ya mkono wa mtoto aliyemwagikiwa uji. Iodini, kwa upande mwingine, isitumike kwa eneo kubwa la mtoto mchanga, kwa sababu hufyonzwa na kuvuruga tezi la shingo.

Utaulizwa pia kuhusu asali, na usiipuuze. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2015 yalikuta kwamba asali huponya majeraha ya moto ya juujuu mapema kuliko dresingi za kawaida. Lakini kwa vidonda vya vena, utafiti wa New Zealand wa mwaka 2008 uliohusisha wagonjwa 368 haukuonyesha faida ya kuiongeza chini ya bandeji za kubana, na waliotumia asali walipata madhara, hasa maumivu, zaidi ya wenzao. Asali iliyotumika katika tafiti nyingi ni ile iliyotakaswa kwa mionzi. Ile ya chupa ya sokoni inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaoishi bila hewa, au ikawa imechanganywa na sukari, kwa hiyo siwezi kukushauri uiweke kwenye orodha ya hospitali.

Yapo pia majeraha ambayo lengo lake si kupona. Mama mwenye saratani ya titi iliyopasua ngozi anahitaji harufu ipungue, damu isitoke na nguo zisilowe, ili aweze kukaa na wajukuu zake. Hapo ufanisi unapimwa kwa mambo hayo. Metronidazoli inayopakwa juu ya kidonda hupunguza harufu kwa gharama ndogo, dresingi isiyoshika huzuia damu kutoka wakati wa kufungua, na pedi nene hufanya yaliyobaki. Kamati ikiuliza kwa nini pesa zinatumika kwa kidonda kisichopona, ijibiwe kwamba heshima ya mgonjwa ni sehemu ya matibabu.

Kuhusu ununuzi, orodha fupi ni bora kuliko ndefu. Gozi na pedi za kunyonya, gozi ya parafini, bandeji za kubana, dresingi moja ya iodini, na akiba ndogo ya povu na aljineti kwa wagonjwa waliotajwa hapo juu, vitatosheleza sehemu kubwa ya kazi yako. Hakikisha kila bidhaa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), angalia tarehe ya kuisha muda wake na uwezo wa stoo yako kuhimili joto, na pima ukubwa wa vipande, kwa sababu kipande kikubwa kinachokatwa nusu na nusu nyingine kutupwa ni nusu ya bei iliyotupwa. Uliza pia kama ugavi ni wa kudumu. Dresingi inayopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao humlazimisha mgonjwa kwenda kuitafuta duka la dawa kwa fedha zake, na mzee mwenye msamaha wa matibabu hugeuka kuwa mlipaji bila mtu yeyote kuandika hivyo popote.

Sampuli za mwakilishi zipokee, lakini kwa masharti. Zitumie kwa vidonda vinavyoonyesha dalili za maambukizi ya juujuu, baada ya chanzo kushughulikiwa, kwa wiki mbili, kisha upime upya. Kama hakuna badiliko, acha. Kama maambukizi yametulia, rudi kwenye dresingi ya kawaida. Joto la mwili likipanda, wekundu ukisambaa au mfupa ukigusika, mgonjwa anahitaji daktari na antibayotiki, na dresingi yoyote ile haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Na kupima maana yake ni rula. Andika katika daftari urefu na upana wa kila kidonda siku ya kwanza na kila wiki, pamoja na aina ya dresingi, idadi ya mabadiliko na nauli ya mgonjwa. Kidonda cha mguu wa kisukari ambacho eneo lake halijapungua kwa nusu baada ya wiki nne za huduma sahihi hakielekei kufunga katika wiki 12, na huo ndio wakati wa kurudi kwenye swali la chanzo na kumwita mtu mwingine akitazame. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakupa bei ya kidonda kilichopona katika hospitali yako mwenyewe, namba ambayo hakuna mwakilishi wala mtaalamu wa mbali, nikiwamo mimi, anayeweza kukupa.

Katika daftari hilohilo weka alama ya pekee kwa vidonda ndugu vya miaka mingi. Kidonda cha zamani, au kovu la moto lililofumuka, ambalo kingo zake zimeinuka na kuwa ngumu, linatoa damu kwa kuguswa kidogo, au linakua ingawa linatunzwa vizuri, linaweza kuwa limegeuka saratani ya ngozi. Mgonjwa wa namna hiyo akatwe kijinyama pembezoni mwa kidonda, kipelekwe maabara ya patholojia ya hospitali ya rufaa ya kanda, na ununuzi wa dresingi za bei kubwa kwa ajili yake usubiri majibu.